Kodi ya Kofia Zisizovalika

2 Machi

Mvua imeanza leo na mama mkwe amehamia kwetu leo. Sijui kipi kitakatika mapema.

Alianguka bafuni kwake mwishoni mwa mwaka, nyonga ikavunjika, akalazwa wiki nyingi, na sasa daktari kasema asikae peke yake mpaka mfupa ushike vizuri. Baba Pacha, yaani mume wangu, alinitangazia habari hizo akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, mtu mzima anaogopa kunitazama usoni. Nikamwambia, "Mama ni mama. Aje." Niliyoyasema moyoni nayajua mwenyewe.

Si kwamba tuna ugomvi. Afadhali tungekuwa nao. Miaka kumi na minne ya ndoa ni shikamoo Mama, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Hatujawahi kugombana na hatujawahi kucheka pamoja. Tumempa chumba cha pacha kwa kuwa wako shule ya bweni. Kaja na begi la nguo, gongo la kutembelea, na tableti yenye ufa ambayo hakutaka mtu yeyote amshikie.

3 Machi

Mkuu wa kitengo kaniita kabla hata sijavua koti la mvua. Anasema kuna watu wanachuma pesa za kweli ndani ya michezo ya mtandaoni. Wanauziana mapanga, nyumba, farasi, nguo, vitu ambavyo huwezi kuvigusa wala kuvilalia. "Penye kuuza na kununua pana kodi," akasema, akapiga meza. Rasimu ya kanuni niiandike mimi. Ikipita kwenye kamati, litafunguliwa dawati jipya, na wa kulikalia ni mimi.

Mimi afisa kodi wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nionyeshe mfuko mmoja wa saruji, nitakwambia wenzake wamefichwa wapi. Leo naahidiwa dawati langu mwenyewe! Akaniuliza kama naijua michezo hiyo. Nikasema, "Kidogo, Mkuu." Mwongo mkubwa mimi. Sijawahi kucheza hata karata.

5 Machi

Mvua. Mama kala nusu sahani, kasema asante. Nami nikasema asante. Nyumba imejaa adabu mpaka hakuna pa kukaa.

8 Machi

Nilikuwa naanika nguo barazani niliposikia Mama anafoka chumbani: "Mwizi mkubwa! Manyoya kwa bei hiyo? Kamuuzie mama yako!"

Nikatupa beseni nikakimbia, nikijua mtu kaingia dirishani. Mama yuko peke yake kitandani, miwani puani, tableti juu ya mto, uso umewaka. Alivyoniona akaifunika kwa shuka.

"Mwizi yuko wapi, Mama?"

Akasitasita. Halafu akasema, "Yuko Bonde. Lakini simwachii."

Ndipo akanionyesha. Bonde ni mchezo. Alifundishwa hospitalini na mgonjwa wa kitanda cha jirani, wote wawili wamefungwa miguu, hawana pa kwenda. Huko ndani watu wanalima, wanajenga, wanauza. Pesa yao inaitwa lulu. Unaweza kununua lulu kwa pesa za kawaida, na ukitaka unazirudisha kwa wenye mchezo wakakupa pesa za kawaida. Mahali pa kubadilishia wanapaita langoni. Mama ana kibanda Soko la Mashariki, na jina lake huko ni Mama Kofia. Ananunua manyoya kwa mtu anayejiita Jogoo wa Saa Sita, ndiye huyo mwizi, anayatia rangi, anashona kofia.

"Kofia hizo zinazuia nini, Mama? Mvua? Risasi?"

"Hazizuii chochote. Zinapendeza."

Alinionyesha moja baada ya nyingine. Sikumwambia kazi niliyopewa. Nilijiambia nitamwambia kesho. Mtaalamu ninayemtafuta yupo chumba cha pili, na mimi nimekaa kimya kama sijaona kitu.

9 Machi

Sikumwambia.

Usiku wakati wa kula Baba Pacha kaanza: "Mama, achana na mchezo wa watoto, utaumiza macho. Wewe pumzika." Mama alisubiri mwanawe aingie kuoga, akanigeukia. "Mwanangu fundi wa lifti. Watu anawapandisha, anawashusha, jioni wako palepale walipokuwa asubuhi. Halafu mimi ndiye ninayecheza."

Nilipaliwa na maji. Yeye hakucheka. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nimefanya kazi maisha yangu yote, Mama Pacha, na hakuna aliyewahi kuiita kazi. Hii ndiyo ya kwanza inayoniletea changu mwenyewe. Nayo wanaiita mchezo."

14 Machi

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Leo wakati wa chakula cha mchana nimejifungia ofisini nikajiandikisha Bonde. Nimejiita Karani Mvivu.

Aibu niliyoipata! Dakika nzima nilikuwa natembea kwa kurudi nyuma. Nikagonga ukuta, nikaingia kisimani, nikatoka. Nilipofika Soko la Mashariki watu walishaanza kukusanyika kunitazama, nikadhani wananicheka. Kumbe wana desturi. Mgeni akiingia sokoni mara ya kwanza haachwi kichwa wazi. Mwenye kibanda cha kofia anatoka, anamchagulia moja, anamvisha mbele ya watu, bure, na soko zima linaruka juu mara tatu. Ndivyo wanavyoshangilia huko, kwa kuruka.

Aliyetoka kunivisha ni Mama Kofia. Kofia ya manyoya ya bluu yenye mkia mrefu unaoning'inia hadi kiunoni, kichekesho kitupu. Akaandika, "Karibu mwanangu. Ukuta huo hata mimi niliugonga." Mimi nipo ofisini, yeye yupo nyumbani kwangu kitandani, na hajui ni mimi. Nikamjibu asante. Soko likaruka. Na mimi, afisa wa serikali mwenye funguo za kabati la siri, nikaruka.

15 Machi

Mvua kutwa. Nimeenda tena Bonde. Utafiti.

22 Machi

Rasimu imekamilika. Kifungu cha nne: kila wanapobadilishana kitu ndani ya mchezo, kitu hicho kithaminiwe kwa bei ya siku ya ukaguzi na kitozwe. Kifungu cha tano: zawadi zihesabiwe kama mauzo. Hicho nakijivunia. Kule kwenye saruji nilijifunza kwamba ukisamehe zawadi, mji mzima unageuka kuwa wakarimu.

Mkuu kasoma mara mbili. "Hii ni panga," akasema. Kanipa mkono wa pongezi mbele ya wenzangu. Kalamu Mbili, jirani yangu wa meza, tunamwita hivyo kwa kuwa moja huwa haitoshi mfukoni mwake, kanisalimu kama nimeshapanda cheo. Nimerudi nyumbani nikiimba kwenye matope.

26 Machi

Siku hizi Mama ananisimulia habari za soko wakati napika, nami najifanya sizijui. Leo kasimulia mzozo wa Jogoo na mnunuzi mmoja bahili aliyelilia bei mpaka Jogoo akamwuzia kwa hasira. Bahili mwenyewe ni mimi. "Huyo Karani Mvivu," Mama akasema, "jina tu ndilo vivu. Yule ana roho ya mtoza ushuru." Nikacheka mpaka nikaegemea mlango. Naye akacheka kwa kuniona ninavyocheka. Sijui kama alijua tumecheka pamoja.

29 Machi

Mkuu kaitoa rasimu hadharani watu watoe maoni. Kesho nitamwambia Mama. Kesho kweli.

2 Aprili

Sikumwambia, na leo redio imemwambia.

Niliporudi nilimkuta ameketi sebuleni, siyo chumbani, amevaa vizuri, tableti mapajani, macho yanameta. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta pa kuweka mwavuli ili nipate muda.

"Mama Pacha! Umesikia? Serikali itatutoza kodi!"

"Nimesikia, Mama. Nasikitika."

"Unasikitika nini? Mtu hatozwi kodi kwa kucheza! Umewahi kuona watoto wanatozwa kodi kwa kuruka kamba? Maana yake wanajua. Wameona kwamba tunafanya kazi!" Akapiga gongo sakafuni. "Mimi nitakuwa wa kwanza. Nitalipa na risiti nitamwonyesha mwanangu."

Jamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, kwa begi lililofungwa mlangoni. Kwa furaha sikujiandaa. Nikakaa kitini na koti langu linadondosha maji kwenye zulia. Na yeye akaendelea: Jogoo wa Saa Sita kabandika rasimu nzima sokoni, Mama hajaisoma bado, nimsomee mimi kwa kuwa maandishi ni madogo, na kwa kuwa ni lugha ya ofisini kwetu.

Nikamsomea. Ningefanyaje? Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, Mama anatikisa kichwa kukubali. Cha nne akakunja uso kidogo. Cha tano akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Zawadi?"

"Ndiyo, Mama. Zihesabiwe kama mauzo."

"Yaani mgeni akiingia nikamvisha kofia, anadaiwa?"

"Yeye na wewe."

"Hajui hata kutembea, anagonga ukuta, na tayari ana deni la serikali." Akavua miwani. "Huyu aliyeandika hana mama? Hajawahi kupewa kitu na mtu? Mko ofisi moja naye. Unamjua?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza, nami nikatamani ipige zaidi nisisikike. "Ni mimi, Mama."

Basi nikasema yote, maana kaa la moto likishakuwa mdomoni ni kulitema. Dawati, ahadi ya Mkuu, mwezi mzima wa kujifanya sijui. Nikamwambia na la Karani Mvivu pia. Nikamwambia, "Kofia ya bluu uliyonivisha, Mama, ninayo. Naivaa kila siku."

Hakufoka. Ingekuwa nafuu afoke. Alisimama kwa gongo lake, hatua moja moja, na mlangoni mwa chumba akasema bila kugeuka, "Nilifurahi kwa kuwa mmetuona. Kumbe mmetuona hesabu tu, sisi wenyewe hamjatuona."

Nimeandika haya nikiwa bado na koti. Baba Pacha kaja, kaniuliza kulikoni, nikamwambia nimemuumiza mama yake. Akasema, "Kwa sababu ya mchezo?" Nikamwambia akitamka tena neno hilo atalala kwenye lifti.

3 Aprili

Kimya. Shikamoo, marahaba.

6 Aprili

Soko la Mashariki linafungwa. Jogoo kafunga, wauza taa wamefunga, nusu ya safu iko giza. Hawaogopi kulipa, wanaogopa kukadiriwa kila wanapopeana kitu. Mchana nilipoingia nilimkuta mgeni amesimama katikati ya soko, kichwa wazi. Watu wachache walikuwepo pembeni na hakuna aliyemsogelea, wanaogopa kumtwisha deni kanuni ikipita. Alisubiri kidogo, akatoka, hakurudi. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyofunga duka la mjane wa saruji, na yule mjane alikuwa mwizi kweli.

12 Aprili

Wenye mchezo wametangaza manyoya ya bluu hayatatengenezwa tena. Kufika saa nane mchana kofia za bluu zilizopo zimepanda bei mpaka watu wanazisujudia. Nikachukua kikokotoo nione kodi ya kofia yangu, kama ningekaguliwa leo, kwa vifungu vyangu mwenyewe, namba nne na namba tano.

Mishahara yangu mitatu! Kodi tu, si bei! Nikarudia hesabu. Nikamwomba Kalamu Mbili arudie. Akarudia, akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nina kiwanja cha kuuza.

Na siwezi kuiuza kofia yenyewe, kwa kuwa ya kuvishwa haiuzwi. Nikaliwaza hilo nikashtuka. Nani kanikataza? Si sheria, si mchezo. Ni aibu tu, aibu ya mtu aliyepewa.

Jioni nikabisha hodi chumbani kwa Mama, nikamwekea kikokotoo kitandani. "Mama, mdaiwa sugu wa kwanza amepatikana. Ni mimi." Akavaa miwani. Akasoma namba. Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa. Alicheka akajishika nyonga, "Aii, mfupa wangu, Mama Pacha utaniua," na mimi nikacheka hadi nikakaa chini sakafuni. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, akajifuta machozi. Baba Pacha akachungulia, akatuona, akarudi zake kimyakimya.

13 Aprili

Nimekutwa na Mama naimba asubuhi. Akaniambia sauti yangu inafaa kuitisha walipakodi.

19 Aprili

Makubwa. Wachezaji wamelalamika, wenye mchezo wamebadili mawazo, manyoya ya bluu yamerudi kwa wingi. Kofia yangu leo ni bei ya kiberiti. Ile mishahara mitatu iliishi wiki moja. Ningekuwa nimeilipa, ningemdai nani?

21 Aprili

Tumeanza upya, mimi na Mama, meza ya chakula, chai ya moto, mvua nje. Nikamweleza hofu yangu ya kweli: nikisamehe zawadi, wajanja wote watasema wamepeana. Akasema wapo, tena anawajua kwa majina. Tukazunguka hapohapo mpaka chai ikapoa. Halafu nikamwuliza, "Lulu zako ukiziacha huko ndani, Mama, unanunua nazo nini cha nyumbani?" Akasema hakuna, lulu hainunui hata sabuni mpaka itoke langoni.

Nikashika kichwa. Langoni! Mjanja na ajidai kagawa bure ulimwengu mzima, siku akitaka pesa za sabuni atapita langoni tu, na pale bei inajulikana, siku inajulikana, mtu anajulikana. Ndani wavishane kofia wanavyotaka. Tutoze mlangoni. Hata kwenye saruji sikuwahi kuhesabu mifuko watu waliyoazimana ujirani, nilihesabu iliyouzwa.

Nikaandika mpaka mkono ukauma. Nilipofika kwenye msamaha wa wenye mapato madogo, Mama akanishika mkono.

"Kiasi gani hicho?"

Nikamtajia.

"Kishushe. Hapo mimi naachwa nje."

"Mama, ukiachwa nje hulipi. Ni faida yako!"

"Kishushe, Mama Pacha. Nataka kulipa."

Miaka yote kazini sijawahi kusikia sentensi hiyo. Nimekishusha kidogo. Wadogo kabisa wamebaki salama, na Mama kaingia kwa upana wa kidole gumba tu.

23 Aprili

Mkuu: "Nilikupa kazi ya panga, umeniletea kijiko." Nikamwambia panga lile lilinikata mimi mwenyewe, nikamwonyesha hesabu ya kofia. Hakucheka. Amekubali nipeleke rasimu zote mbili kwenye kamati, lakini yangu mpya ikikataliwa, lile panga linapita, na habari ya dawati niisahau.

30 Aprili

Nimemkuta Baba Pacha bafuni, mlango umefungwa, maji hayatiririki. Alipotoka nikaiona simu yake: anauza mbao Bonde. Anajiita Winchi. Nilimsikia ananong'ona, "Bei hiyo ni wizi."

1 Mei

Nimemwambia Mama. Kasema alishajua, Winchi kamkopa manyoya.

10 Mei

Kamati leo. Nilivaa suti ya harusi ya shemeji. Mwenyekiti ni mama mmoja mpana mwenye maneno machache, anayesikiliza akiwa amefumba macho, hujui kama yupo au amelala.

Mkuu alisoma panga lake vizuri, kwa haki. Wanakamati walipenda. Kila muamala, kila kitu, mapato mengi. Nikasimama. Nilikuwa na maelezo ya kurasa nyingi na yote yakanitoka kichwani. Nikasema, "Waheshimiwa, mimi nina kofia."

Nikawasha ukutani picha kutoka Bonde. Karani Mvivu huyo, mkubwa ukuta mzima, na mkia wa bluu hadi kiunoni. Mtu mmoja nyuma akaguna. Nikawaambia bei ya tarehe kumi na mbili, nikawaambia kodi yake. Nikawaambia bei ya tarehe kumi na tisa. "Niliyepewa ni mimi, sijauza, sijapata hata senti. Nilipe kodi ya siku ipi? Na nikilipa ile ya kwanza, ya pili mtanirudishia?"

Mwenyekiti akafumbua macho. "Alikupa nani?"

Hapo ningeweza kusema mchezaji mmoja. Nilimtazama Mkuu, nikaliona dawati langu linavyotoka mlangoni kwa miguu yake. Nikasema, "Mama mkwe wangu. Ana kibanda huko. Ninaishi naye nyumba moja, na kanuni hii inamgusa. Naomba iandikwe."

Mwenyekiti akaiangalia kofia ukutani, akaniangalia mimi.

"Mama mkwe wako alikuvisha hiyo mwenyewe? Bure?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mimi wangu miaka thelathini hajanipa hata leso." Chumba kikapasuka kwa kicheko, hadi Mkuu kajifuta macho. Basi nikapumua, maelezo yakarudi, nikaeleza habari ya langoni tangu mwanzo hadi mwisho. Waliuliza maswali magumu, hasa yule wa nyuma, nami nikayajibu yote isipokuwa moja, nikaahidi kulitafutia jibu.

14 Mei

Imepita! Kodi ni langoni tu, zawadi ziko nje. Dawati limefunguliwa na wamempa Kalamu Mbili, kwa kuwa mimi nina mgongano wa maslahi nyumbani. Mkuu aliniambia mwenyewe, kwa upole, na akasema kijiko changu kitachota muda mrefu. Nililia kidogo chooni, sitadanganya. Nililitaka lile dawati.

Nyumbani Mama alishajua. Hakunipa pole. Alinisogezea tableti. Soko la Mashariki limewaka taa safu nzima, Jogoo kafungua, na kwa kuwa Mama alishawaambia Karani Mvivu ni nani, walikuwa wamesimama wote wananisubiri. Nilipoingia tu wakaruka. Si mara tatu. Waliruka mpaka mchezo ukakwama.

1 Juni

Kanuni imeanza leo. Mama alikuwa mlangoni mwa ofisi yetu kabla hatujafungua, na nguo yake ya sherehe, na Baba Pacha kaomba ruhusa kazini kumsindikiza. Mimi jalada lake siruhusiwi kuligusa, kwa hiyo nilisimama nyuma ya rafu nikijifanya napanga mafaili. Kalamu Mbili alikuwa kaunta.

"Jina?" Akataja. "Makazi?" Akataja. "Kazi?"

Baba Pacha kwa mazoea akawahi, "Ni mama wa nyum..." Gongo likatua juu ya kiatu chake.

"Mfanyabiashara," Mama akasema.

"Wa nini, Mama?"

"Kofia. Soko la Mashariki, Bonde. Kibanda cha tatu ukiingia, upande wa kulia."

Kalamu Mbili akaandika bila kuinua macho, neno kwa neno, hata upande wa kulia. Kiasi kilikuwa kidogo, bei ya sabuni chache. Mama akazihesabu noti mwenyewe. Mashine ikakoroma, risiti ikatoka, naye akavaa miwani akaisoma pale pale kaunta kwa sauti, jina lake lote, tarehe, na alipofika kwenye kazi akasimama. Akairudia. Baba Pacha alikuwa anatazama viatu vyake, na masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mama," Kalamu Mbili akasema, "wenzako huwa wanakuja hapa wamenuna."

"Wao walishazoea kuandikwa," Mama akamjibu.

Halafu akanitafuta kwa macho, akaniona nyuma ya rafu ninavyolia kazini mbele ya walipakodi, akaiinua ile risiti juu ya kichwa chake ili foleni nzima iione.